Klarineti ya Si

Klarineti ya parokia ilipasuka wiki ileile niliyotakiwa kuipeleka kwenye mtihani. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, inakauka hadi midomo ya watu inachanika, na mbao ya chombo nayo ikachanika kuanzia juu hadi katikati. Nililia kwa hasira. Watu wa fanfari, bendi yetu ya parokia, waliokuja kunipa pole waliniudhi zaidi, maana kila mmoja alikuja na dawa yake: huyu gundi, yule nta, mwingine plasta ya kidonda. Mmoja akaniambia nipige tarumbeta. Tarumbeta!

Mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Shule moja ya muziki mjini Lilongwe ilikuwa imetenga nafasi moja kwa mwanafunzi wa kambini, pamoja na chumba cha kulala na kibali cha kukaa mjini hadi masomo yaishe. Parokia ilipeleka jina langu, Annuarite. Nikifaulu, nafasi ni yangu. Nikishindwa, anapewa mtu wa mjini. Ambaye hajaishi kambini hawezi kujua neno "kibali" lina uzito gani kwa mtu ambaye hata akitaka kwenda Lilongwe kununua uzi lazima aombe ruhusa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Sioni haya kusema hivyo.

Mwalimu wangu alikuwa Maître Apollinaire, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, aliyepiga klarineti katika fanfari ya huko kabla vita havijamleta Malawi. Alianza kunifundisha nikiwa mtoto wa miaka minane. Ni mtu wa maringo: hata kwenda bombani kuchota maji anavaa shati lililopigwa pasi. Kwake muziki ni do, re, mi, fa, sol, la, si, basi. Wamalawi wanazitaja nota kwa herufi za Kiingereza, naye hilo hakutaka hata kulisikia. "Muziki haina alfabeti," alizoea kusema. "Alfabeti ni ya kuandika barua." Na klarineti, kwa jina lake kamili, ni klarineti ya si bemoli. Sisi wa fanfari tulifupisha, tukasema klarineti ya si.

Yeye ndiye aliyepata habari za Bambo Kachale, fundi wa vyombo vya muziki huko Kawale, mtaa wa Lilongwe. Mtawa mmoja aliyerudi kwao alikuwa amemwachia klarineti mbili awape wanafunzi wasio na uwezo. Moja ilikuwa yangu, nyingine ya msichana wa Kinyarwanda anayeishi Kauma, mtaa mwingine wa mjini, jina lake Teta. Kwa kuwa mtihani wangu ulikuwa alasiri ya siku ileile ya kuzichukua, Bambo Kachale alikubali nichague kwanza. Sharti lake lilikuwa moja: ukishatoka mlangoni na chombo, umechagua. Hakutaka wasichana wawili wamgeuze dawati la malalamiko.

Tulifika Kawale asubuhi. Bambo Kachale alikuwa ametandika kitambaa juu ya meza na kuziweka zote mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi kidogo, nyeusi ti, vitufe vyake vinang'aa kama havijawahi kuguswa. Ya pili ilikuwa ndefu, mbao imefifia, na kitufe kimoja kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Alituelezea kwa Kiingereza, akipaza sauti na kufungua mdomo wote, kama wanavyofanya watu wanaodhani mgeni ni kiziwi.

"Hii ni si," akasema, akigusa ile fupi. "Na hii, bi flati."

Uso wa Maître uling'aa. "Umesikia? Si! Njo ile yetu!" Kisha akamgeukia mwenye duka, akainua kidole. "Si?"

"Yes, si," akajibu Bambo Kachale.

"Si!"

"Si, si," akasema mwenzake, na wote wawili wakatikisa vichwa wakiwa wamefurahi kabisa.

"Na hiyo ingine?" Maître akaniuliza. "Bi njo nini? Hakuna nota inaitwa bi."

Mimi ndiye niliyesoma kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Lakini Kiingereza nilikijua cha shuleni na cha barabarani, na muziki niliujua kwa Kifaransa, na vitu hivyo viwili havikuwa vimewahi kukutana kichwani mwangu. Flati niliijua vizuri sana. Kabaza, baiskeli ya abiria, ikipata flati, upepo ukaisha tairini, unashuka na kutembea kwa miguu. Nikautazama ule mpira kwenye kitufe.

"Anasema iko na flati," nikamwambia. "Inatoka upepo."

"Inaonekana," akasema Maître, na hakuitazama tena.

Nikalowesha ulimi wa mwanzi mdomoni, nikaufunga kwenye ile fupi, nikapuliza. Sauti ilitoka bila kubembelezwa, safi, nyembamba. Nikapanda kutoka nota za chini kwenda za juu, pale ambapo klarineti nyingi hukwama na kupiga kelele, na haikukwama. Vidole vilifurahi. Masikio ndiyo yaliyokataa. Nilibana vidole vya do, nikasikia re. Nilibana vya fa, nikasikia sol. Nikarudia taratibu, jasho likianza kunitoka mgongoni.

"Maître, do yake iko juu. Mi nafanya do, nasikia re."

"Ile ya parokia ilizeeka, ikashuka," akasema, tayari kabisa. "We ulizoea do ya chombo mugonjwa. Hii njo do ya kweli."

Nilipiga pia ile ndefu. Ilikuwa ngumu, inataka pumzi nyingi, na kitufe chenye mpira kilichelewa kufunga. Lakini nilipobana do, do ikatoka. Nilipiga nota tatu tu, mabega yakashuka yenyewe, kama mtu aliyefika kwao.

"Hiyo acha," Maître akasema. "Iko na flati, mwenyewe amesema."

"Lakini Maître..."

"Annuarite. Nani mwalimu?"

Bambo Kachale akatazama saa, maana Teta alikuwa njiani. Nina mdomo mrefu, watu wote wa fanfari wanajua, lakini mbele ya Maître mdomo wangu ulikuwa haujawahi kupita mpaka. Aliyenifundisha kupumua ndiye aliyekuwa akiniambia kuwa masikio yangu yana makosa. Nani angebishana naye? Nikaifungasha ile fupi. Siwezi kusema niliichagua. Nilitii.

Shuleni walitukalisha kwenye benchi la ukumbini pamoja na watahiniwa wa mjini na wazazi wao. Mpiga piano alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, Mayi Nyirongo. Kazi yake ilikuwa kumpitisha kila mtahiniwa kipande chake kwa dakika chache katika chumba cha pembeni, kabla hajaingia mbele ya kamati. Mlango wa chumba hicho hawakuufunga kwa sababu ya joto. Maître alikaa mwisho wa benchi, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mayi Nyirongo alipiga utangulizi. Nilikuwa nimekipiga kipande kile miezi na miezi, niliweza kukipiga usingizini. Nikavuta pumzi, nikaingia.

Jamani. Ilikuwa kelele ya watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Kila nota yangu iliikanyaga nota ya piano. Nikadhani nimekosea vidole, nikakaza, ikawa mbaya zaidi. Huko nje nilisikia mtu akicheka na mtoto akilalamika kwa mama yake. Mayi Nyirongo akaondoa mikono kwenye piano.

"Pepani, pole, mwanangu. Umekuja na klarineti gani?"

"Ya si," nikasema.

"Ndiyo, nasikia kuwa ni ya si. Lakini karatasi hii ni ya klarineti ya bi flati. Mtihani wote ni wa bi flati."

"Ya flati ilikuwepo," nikasema, "lakini inatoka upepo."

Akanitazama kama mtu anayeota. Kisha akabonyeza kidole kimoja kwenye piano. "Hii ni si. Herufi ya tatu. A, B, C."

Nota ikalia chumbani. Niliijua. Si kwa sauti, bali kwa mahali kidole chake kilipokuwa: hapo ndipo do, re, mi inapoanzia.

"Hiyo si si," nikasema. "Hiyo ni do."

"Nyie mnaiita do. Sisi tunaiita C."

"Na si bemoli yetu?"

Akabonyeza nyingine, pembeni kidogo, nyeusi. "B flat," akasema.

Si yao ni do yetu. Si yetu ni ile bi yao. Klarineti yetu, ile ya kweli, ndiyo niliyoiita tairi bovu na kuiacha Kawale, na Teta alikuwa njiani kuichukua kama hajaichukua tayari. Mayi Nyirongo alielewa kabla sijamaliza kueleza. "Nitakuweka wa mwisho," akasema. "Lakini kamati ikimaliza orodha inaondoka. Kimbia."

Nikatoka mbio. Watu wa benchi walinitazama kwa huruma, na baba mmoja alikuwa bado anajisugua sikio. Maître alisimama kunipokea, ametabasamu hadi machoni.

"Umepiga muzuri, mwanangu," akasema. "Muzuri sana."

Nilisimama palepale. Kukosea neno ni kukosea neno. Hata mimi nilikosea. Lakini mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye zile kelele, mtu ambaye zamani angeweza kunisimamisha kwa sababu ya nota iliyopungua unywele, ananiambia muzuri sana. Ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi hakubishana na masikio yangu kwa masikio yake. Hakuwa nayo.

"Tunarudi Kawale," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Tumechukua ya do, Maître. Hiyo nota ya Kizungu, si, njo do yetu."

Alitazama piano kupitia mlangoni, akawatazama watu wa benchi, na nikaona anahesabu kichwani alichopaswa kukisikia. Akachukua kofia yake akanifuata.

Tulichukua kabaza mbili za pikipiki. Ya kwangu ilitangulia, nami nimekumbatia mkoba wa klarineti kifuani, roho iko juu. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nilimkasirikia kwa uongo wake wa kimya. Nilijikasirikia kwa ile flati yangu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na huruma ambayo sikuitaka, kwa sababu huruma ingenilegeza na nilihitaji kufika.

Teta alikuwa bado yupo. Alikaa kwenye kigoda na ile klarineti ndefu mapajani, amenuna, anachezea ule mpira kwa kucha. Nilifurahi kumwona mtu nisiyemjua kuliko nilivyowahi kumfurahia ndugu. Nikamsalimia mbiombio, nikaufungua mkoba wangu mbele yake.

"Chukua hii mpya," nikasema. "Mi nipe hiyo ya zamani."

Bambo Kachale akatikisa kichwa. "Tulipatana. Anayetoka amechagua. Nyumba hii si soko." Akafikiri. "Labda mwenyewe akubali."

Teta akaitazama klarineti inayong'aa. Macho yake yaliitaka, nikaona. Kisha akanitazama mimi ninavyohema, akamtazama Maître anayeingia na vumbi la barabarani usoni, na akaivuta ile ya zamani karibu na tumbo.

"Unairudisha juu ya nini? Iko na nini?"

"Haina kitu."

"Kama haina kitu, baki nayo."

"Ni nzito kwa vidole vyangu," nikasema.

Akacheka. "Nzito? Hii fupi? Bantu ba Dzaleka, mnafikiri sisi ba Kauma ni bajinga. Ulichagua wa kwanza, ukaniachia ya kufungwa na mpira. Sasa unarudi mbio, unasema nipe ya mpira. Imepasuka wapi? Onyesha."

"Haijapasuka! Mtihani wangu unafungwa, dada, nakuomba."

"Basi sema ukweli."

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Ningeweza kusema tulichanganya majina, lakini nilijua swali ambalo lingefuata, lilelile ambalo mtu yeyote anayepiga muziki angeuliza: na mwalimu wako alikuwa wapi, hakusikia? Ilinibidi nichague kati ya nafasi yangu na heshima yake, mbele ya watu, na dakika zinakwenda. Nikaanza kusema jambo jingine, sijui hata ni nini, kitu kuhusu vitufe. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Maître akanigusa bega, akapita mbele yangu. Akavua kofia.

"Binti yangu," akamwambia Teta, "chombo hii ni muzima. Mugonjwa ni mi."

Teta akaacha kuuchezea mpira.

"Masikio yangu yalikufa. Tangu mvua ya mwaka ulipita. Bantu nawasikia wakiwa karibu, nikiangalia midomo. Lakini muziki inakuya kama iko mu nyumba ya jirani, na mulango imefungwa." Alizungumza polepole, akigeuza kofia mikononi. "Asubuhi huyu mutoto alisikia muzuri. Aliniambia. Mi nilimukatalia, juu nilisikia neno. Neno tu. Sauti sikusikia. Yeye anataka hiyo ya zamani juu njo inaenda na piano ya mutihani wake. Hakuna uongo ingine."

"Na ulikuwa unanifundisha aje?" Swali lilinitoka kabla sijalizuia. Lilitoka kwa ukali.

"Vidole nilikuwa naviona." Hakunitazama. "Ningesema, parokia ingenitoa. Na we, nani angekumalizia?"

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia; nilitaka kumpiga ngumi na kulia, vyote kwa wakati mmoja, na hakukuwa na nafasi ya kufanya hata kimoja.

Bambo Kachale, ambaye Kiswahili chetu alikipata nusunusu, alimuuliza Teta kama kanisani kwake anapiga na kinanda. Teta akasema ndiyo, kinanda na gitaa, kwa kitabu cha nyimbo. "Basi hiyo fupi inasoma sawasawa na kinanda," akasema fundi, "nota kwa nota. Ijaribu." Akabonyeza kinanda chake kidogo cha mezani. Teta akapuliza ile fupi, do yao ikaanguka juu ya do ya kinanda, na uso wake wote ukafunguka. Akanipa ile ndefu kwa mikono miwili.

"Pole, papa," akamwambia Maître, karibu na uso wake, ili aone midomo.

Maître akanigeukia. "Jaribu wewe mwenyewe. Kama unaikataa, kataa. Leo masikio yako njo inaamua."

Nikapiga nota tatu, kisha tano, nikiwa peke yangu na masikio yangu kwa mara ya kwanza maishani. Iliogopesha. Mpira ulikuwa umelegea na kitufe kilichelewa vilevile. Do ilikuwa do. "Nachukua hii," nikasema, na wakati huu nilichagua.

Kamati ilikuwa imeanza kukusanya karatasi nilipoingia. Mayi Nyirongo alijifanya anatafuta ukurasa ili nipate kupumua. Kisha tukaanza, na piano na klarineti zikaenda njia moja. Sikupiga vizuri kote. Katikati, kitufe chenye mpira kiligoma na nota moja ikapiga kelele ya bata, nikaona mwanakamati mmoja anakunja uso. Sikusimama. Niliifuata piano, nikaishika, nikapanda nayo hadi mwisho, na nota ya mwisho niliishikilia hadi kifua kikaniuma, kwa sababu ilikuwa yenyewe hasa na sikutaka kuiachia.

Wakanong'onezana. Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, hawakunirudisha benchini kusubiri. Mwenyekiti alisema nahitaji chombo kilichotengenezwa vizuri na subira zaidi, na kwamba vyote viwili nitavipata hapo shuleni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huko ndiko kukubaliwa.

Nikafungua mlango. Benchini walikuwa wamebaki watahiniwa kadhaa na wazazi wao wakisubiri majibu, na wote walikuwa wamenisikia kupitia mlangoni, bata na vyote. Maître alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi. Hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akizitazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, akitafuta humo jinsi nilivyopiga.

Hasira yangu ikaniishia miguuni. Nikaenda nikasimama mbele yake mpaka akanitazama.

"Nilikosea katikati," nikasema. "Lakini wamenichukua."

Alikuwa ameyatazama machozi yangu, midomo hakuiwahi. Zamani angetikisa kichwa tu na kujifanya amesikia. Safari hii aliinama kidogo, akaweka mkono nyuma ya sikio mbele ya wazazi wote wa mjini, akasema, "Sema tena, mwanangu."

Nikasema tena, kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia.